Swali Lililokosa Mwenyewe

Kibondo,
11 Mei 2025

Mdogo wangu Aneth,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. U hali gani? Shemeji Hilali hajambo, na duka linaendaje? Sisi ni wazima. Mvua zimeanza kukata na maharage yanakauka vizuri shambani.

Naandika barua kwa sababu umenifungia simu. Nikipiga haiiti, nikituma ujumbe unabaki na tiki moja kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Basi nimerudi kwenye karatasi, na bahasha hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi. Kondakta huwezi kumfungia. Na kama unangoja nikuombe radhi kwa yale niliyosema Pasaka, kwamba umesahau kwenu, utangoja sana, maana nayaamini bado.

Kila Jumamosi mchana nyumba nzima tunasikiliza hiyo chemsha bongo yenu ya redioni. Wewe ndiye mtunga maswali, kwa hiyo nakuuliza wewe. Kwa nini kila swali la muziki ni la wale wale wa Dar? Nani kamshirikisha nani, nani kamrushia nani vijembe, wimbo gani ulitoka kabla ya upi. Hivi huku Buha kwetu watu walizaliwa mabubu?

Nisingekusumbua kama si baba. Tulimpeleka hospitali ya Kabanga mwezi uliopita. Daktari akasema sikio la kushoto limekwisha kufa na la kulia linalifuata, na hakuna dawa ya kulirudisha. Sasa anakaa na redio imebandikwa sikioni kama mtu anayeota moto. Juzi akaniuliza, "Hawa wanaouliza, hawajui kama na huku kuna watu tunaoimba?" Aneth, mtu huyu amepiga inanga, zeze letu la ubao, tangu hatujazaliwa. Wimbo wake wa ng'ombe aliyekataa kuvuka mto Malagarasi unaimbwa harusini kuanzia hapa mpaka kwenu Kasulu, na hakuna hata mmoja anayeuliza ni wa nani.

Weka swali moja tu: nani alitunga wimbo huo? Nataka jina la baba, Nkunzimana, litajwe redioni angali anasikia. Hilo ndilo ombi langu lote.

Wifi yako Veronica anakusalimu. Wauguzi wenzake wamemfanya kapteni wa timu ya Kibondo kwenye hiyo chemsha bongo, maana hizo nyimba zenu za Dar anazijua kuliko anavyojua njia ya kwenda kisimani. Asubuhi anampelekea baba, Mzee kama anavyomwita, uji huku anaimba za redioni. Usidhani nataka umbebe. Najua mnachagua maswali kwa kura.

Kaka yako,
Obedi


Kasulu,
17 Mei 2025

Kaka Obedi,

Nimeipata barua yako, na kondakta amenitazama kama mtu anayeletewa hati ya mahakama. Sisi hatujambo. Hilali amepata mafua tu. Habari za baba zimenikata maini. Ungeniambia mapema, Pasaka au siyo Pasaka.

Lakini swali sitaliweka. Soma mpaka mwisho kabla hujaikunja hii karatasi.

Unadhani nawapenda wale wa Dar kuliko baba yangu? Kaka, chemsha bongo si mtihani wa taifa. Ni mchezo wa watu kujisifu. Muuza nyanya pale sokoni anataka alitoe jibu kabla mtangazaji wetu Saady hajamaliza kusoma swali, ili amgeukie mwenzake amwambie, "Si nilikwambia!" Nikimnyima hiyo raha mara mbili, anahamia stesheni nyingine, na mzee Hashimu anayetudhamini kwa sabuni zake anampigia meneja simu kabla hata hatujatoka hewani.

Na hebu wahesabu wanaoketi ukumbini. Daktari kaletwa kutoka Tanga, mwalimu kutoka Musoma, bwana shamba kutoka Mbeya, Adija wa vitenge kwao Ujiji, na sisi Waha wa hapa. Tumekula vyakula tofauti na kulala kwa nyimba tofauti. Kitu tulichokisikia wote ni kile kinachopigwa kwenye basi, saluni na harusini. Pale tu ndipo tunapolingana. Nyimba maarufu si kwamba ni nzuri zaidi, ni kwamba hazina mwenyeji.

Swali la wimbo usiojulikana lina mwenyeji. Mwaka jana nilijidai, nikaweka swali la taarabu ya zamani. Aliyejibu ni Adija peke yake, kwa sababu mwimbaji alikuwa jirani wa bibi yake. Unajua watu walisema nini? Hawakusema Adija ni mjuzi. Walisema amepewa jibu.

Halafu jibu lenyewe. Wimbo wa ng'ombe, watu wa Makere wanasema ni wao. Watu wa Heru Juu wanasema ni wao. Mimi najua ni wa baba kwa sababu nilimwona akiutunga, ila nikipingwa nitaleta ushahidi gani, macho yangu ya utotoni?

Mpe baba pole. Nitakuja mwezi wa saba.

Mdogo wako,
Aneth


Kibondo,
20 Mei 2025

Aneth,

Hatujambo. Natumaini nanyi hivyo.

Nimesoma mpaka mwisho. Umejieleza vizuri sana, kama wakili. Waha walisema nini na watu wa Tanga walikula nini, yote nimeyaelewa. Sasa mwezi wa saba ukija, uje uyaeleze kwa baba mwenyewe, ila ulete kalamu, maana hatakusikia.

Jana amegeuza kile kitufe cha sauti mpaka mwisho na bado anakizungusha. Nikamwambia, baba, hapo ndipo mwisho wake. Akaniambia nimnunulie redio nyingine, hii imeharibika. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba, nikalia kama mtoto.

Mkataa kwao mtumwa. Sina la kuongeza.

Obedi


Kasulu,
2 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Ninyi hamjambo? Huku tuko salama kwa nje tu.

Barua yako nimekaa nayo siku nyingi kwenye pochi. Hilali akanisoma usoni, akaniambia, "Kama ni swali moja, liweke, ulale." Nimeliweka.

Liko kwenye kikapu cha fainali, Jumamosi ya tarehe 21. Ni karatasi moja iliyokunjwa kati ya nyingi, na kapteni ndiye anayeingiza mkono na kuchukua. Linaweza kutoka kwa Kasulu, linaweza kutoka kwa Kibondo, linaweza lisitoke kabisa. Nimewaambia wakubwa wangu mapema kwamba kapteni wa Kibondo ni wifi yangu, wakasema kwa kuwa ni kura, hakuna neno. Kwamba mwenye wimbo ni baba yangu, hilo sikuwaambia. Nikishikwa, kazi sina. Ujue nimefanya nini.

Usimwambie mtu. Veronica ndiye kabisa asijue. Mwekee tu baba redio karibu.

Mdogo wako,
Aneth


Kibondo,
24 Juni 2025

Aneth,

Sikuulizi hali, na yangu usiiulize. Nakuandikia nyumba ikiwa kimya. Veronica ameondoka jana, amerudi kwao Kasanda na begi lake.

Wewe ulikuwa ukumbini, mimi nilikuwa huku na baba. Nitakueleza tulichosikia sisi. Timu zilikuwa sawasawa na limebaki swali la Kibondo. Nikasikia Saady akisema kapteni anaingiza mkono. Akalisoma: "Nani alitunga wimbo wa ng'ombe aliyekataa kuvuka Malagarasi?" Nilimshika baba bega. Alikuwa amesikia! Kwa sikio lile lile bovu alisikia, akanyanyuka kwenye kiti. Nikajua limekwisha. Kura imemwangukia mtu anayempelekea uji kila asubuhi.

Kimya. Aneth, ule ukimya ulinichuna ngozi. Saady akasema, "Kapteni, muda unakwenda." Kimya. Yeye peke yake ndiye anayeruhusiwa kujibu, na hakujibu. Likapelekwa kwa Kasulu, wakasema hawajui. Saady akacheka, "Basi, swali hili limekosa mwenyewe, tunalirudisha kikapuni." Wala jibu hakulisoma! Ukumbi mzima ukacheka naye. Likaja la akiba, sijui msanii gani kaachia wimbo gani mwaka huu, ukumbi wote ukapiga kelele za jibu, Kasulu wakabonyeza kengele, wakachukua kombe na mtamba wa zawadi.

Baba alizima redio mwenyewe. Akasema, "Kumbe hakuna anayenijua." Akaingia chumbani kwake.

Veronica aliporudi, wenzake walikuwa wamemsema njia nzima kwamba ameuza mechi. Nikamuuliza, kwa nini? Akaniambia, "Baba Neema, ulitaka nitaje jina la mkwe wangu mbele ya watu?" Nikamwambia kwamba hiyo ni mila ya nyumbani, na redioni swali ni swali. Nikamwambia hata huko Kasanda kwao sasa wanajua dunia imebadilika. Akanyamaza. Kule kunyamaza kukanitia wazimu. Nikasema mbele ya baba kwamba mwanamke anayelificha jina la mwenye nyumba hana haja ya kukaa ndani ya nyumba hiyo.

Hakulia. Alifunga begi, akamchukua mtoto wetu Neema, akamwachia baba uji kwenye chupa ya chai, akaenda.

Sasa niambie, hili nalo uliliwaza ulipokuwa unalikunja lile swali? Ulijua ni mkwe. Ulijua hawezi.

Obedi


Kasulu,
28 Juni 2025

Kaka Obedi,

Sikuulizi hali, umekataza. Mimi yangu nitakwambia. Jana nimeondolewa kwenye kutunga maswali. Mtu alimwambia meneja wimbo ule ni wa baba yangu. Sijui ni nani na sitafuti kumjua. Nimebaki kupokea simu za salamu.

Umeniuliza kama nililiwaza. Sikuliwaza, kaka, na hilo ndilo linalonitesa. Mimi ni binti yake, jina la Nkunzimana naliandika kwenye kila fomu. Nimeolewa kwa watu wa Ujiji, mama mkwe wangu namwita kwa jina lake tunacheka. Nilisahau kwamba kwetu mke wa mtu halitamki jina la baba mkwe wake, hata kuku akiitwa hivyo atambadilishia jina. Wewe nawe ulisahau, na wewe unalala naye nyumba moja. Tulilitunga swali sisi watoto wa nyumba, tukafikiri kila mtu ni mtoto wa nyumba.

Ila kuna kitu hukukisikia, kwa sababu redio haikukichukua.

Nilikuwa nimeketi meza ya mbele. Veronica aliifungua ile karatasi, Saady akaisoma, na nikamwona uso unang'aa. Alijua. Kabla swali halijaisha alikwishajua. Kisha ule uso ukafunga. Mwenzake wa kulia akamwinamia, Veronica akatikisa kichwa, kwa maana hata kunong'ona ni kutamka. Saady akasema muda unakwenda. Ndipo Veronica akaisogeza maikrofoni pembeni, kwa mkono, akasema kwa sauti ndogo, "Ni mzee wetu anayenilea." Saady naye akaishusha yake, akamwambia, "Jina, mama, mimi nataka jina." Akarudia, "Ni mzee wetu." Walioketi mbele wakamcheka chini chini. Wewe nyumbani ukasikia kimya.

Alijibu, kaka. Alijibu mara mbili, mbele ya watu waliokuwa wanamcheka, na kati ya washindani wote hakuna mwingine aliyelijua jibu. Baba kasema hakuna anayemjua. Nenda ukamwambie.

Uliniandikia kwamba nimekataa kwetu. Ulitaka mambo ya kwetu yaingie kwenye chemsha bongo. Yameingia. Yaliingia na mkwe wetu ndani yake, na wewe ulipoyaona hukuyapenda, ukamfukuza. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini nakupa pole, kwa sababu nami umenichoma.

Sasa unaelewa kwa nini tunauliza za Dar? Mwimbaji wa Dar hana mkwe Kibondo. Jina lake ni kama kifuniko cha soda, kila mtu analiokota na kulitupa. La baba si la kuokota. Wapo wanaolibeba na wapo wanaolikwepa kwa heshima, na Saady hana sekunde za kungoja hayo.

Mfuate mkeo. Usitume mtu wala usipige simu. Nenda mwenyewe, na uende kabla sikio la baba halijafunga, maana ni mbele yake ndipo ulipomvunjia heshima.

Mdogo wako,
Aneth


Kibondo,
3 Agosti 2025

Mdogo wangu Aneth,

U hali gani? Shemeji je? Mwezi wa saba umepita na hukuja. Sikulaumu, nami nisingekuja kwa mtu kama mimi. Sisi tunaendelea.

Barua yako niliificha chini ya godoro kwa kiburi, nikaendelea kupika ugali wangu mbichi. Baba hakunisema, alikuwa anausukuma tu sahani pembeni. Asubuhi moja nikashindwa. Nikamsomea barua yako sikioni kwa kupayuka mpaka majirani wakaja kuchungulia kama tunapigana. Nilipofika pale kwa Veronica kusogeza maikrofoni, alinishika mkono nirudie. Nikarudia. Akasema, "Kumbe alijibu." Akaingia ndani, akatoka amevaa koti lake la kanisani. Nilimwambia hata gari sijatafuta. Hakusikia, au hakutaka.

Tulikwenda wiki hiyo hiyo. Njiani baba alikuwa ananisemesha na mimi namjibu, na tulipopita Kakonko nikagundua hanijibu ninayomwambia, anasema yake tu. Nikapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Hakugeuka. Sikio lilikuwa limekwisha, Aneth, na sijui hata ni saa ngapi lilifunga.

Kasanda walitupokea kwa viti vya nje. Maji ya kunywa yalichelewa mpaka nikaelewa kwamba yanacheleweshwa. Nilisema niliyopaswa kusema. Nilisema nimekosa, nikalitaja kosa lenyewe, sikulizunguka. Mama mkwe wangu akanisikiliza, akasema, "Sisi ndio tuliomfundisha hivyo. Kama mafundisho yetu ni mabaya, mwache hapa." Baba mkwe wangu hakunitazama kabisa. Nikaona nimempoteza mke wangu.

Baba alikuwa hasikii hata moja kati ya hayo. Akasema kwa ile sauti ya viziwi, kubwa kama ya mnadani, "Mkwe wangu yuko wapi?" Neema ndiye aliyekwenda kumwita. Veronica akatoka, akapiga magoti mbele yake kumwamkia. Ni mwembamba sasa. Mimi hakunitazama.

Baba akamwambia, "Mwanangu, walikuuliza mimi ni nani, ukawajibu, wakakucheka. Sasa nakuuliza mimi. Litaje jina langu. Mwenye jina ni mimi, na mimi nimekuruhusu."

Mama mkwe wangu aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, asije akawa shahidi wa jambo kama hilo. Veronica alikuwa ameinamisha kichwa, na baba amemwinamia, macho yamemganda mdomoni, kwa kuwa hana tena kingine cha kusikilizia. Alingoja.

Kisha Veronica akainua uso, akamtazama usoni, jambo ambalo sijamwona akilifanya tangu nimemwoa. Midomo ikatikisika. Nilikuwa karibu, nilisikia. Alisema, "Baba."

Baba akanigeukia haraka. "Amelitaja?"

Nikamwitikia kwa kichwa.

"Na wewe umelisikia vizuri?"

Nikamwitikia tena kwamba ndiyo, nimelisikia.

Kaka yako,
Obedi